Si Uliiskia Hapa Hapa?

Nilinunua spika Luthuli Avenue siku ya Jumanne, mwezi wa pili, siku ambayo huku kwetu Kibera stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri. Naanza na stima kwa sababu baadaye ilikuja kutumika dhidi yangu. Kama stima ingekuwepo jioni ile, ningezisikiliza spika jioni ile ile, na kesho yake asubuhi ningekuwa mlangoni pa duka. Lakini ilirudi Jumatano usiku. Nikafika dukani Alhamisi saa sita, na kwa mwenye duka siku mbili zilitosha kuniita muongo bila kulitamka neno lenyewe.

Mimi hurekodi nyimbo. Studio yangu ni chumba kimoja upande wa Olympic, futi 10 kwa 10: kitanda, kompyuta, maiki, na magodoro mawili ya zamani niliyoyapigilia ukutani. Wanakuja kwaya, wasanii wa gospel, vijana wa drill, mama wa saluni anayetaka tangazo. Wimbo ni shilingi 1,500, na mtu akilia sana ni 1,000. Kwa miaka mitatu nilikuwa namiksi kwa hedifoni. Kwa hedifoni kila kitu kinasikika kitamu, halafu wimbo unapigwa kwenye matatu na besi inameza sauti ya mwimbaji yote. Nilihitaji spika za studio. Hizi si zile za kutikisa ploti Jumapili. Spika ya studio inanunuliwa ghali ili ikwambie ubaya wa kazi yako bila kukuonea haya.

Kabla ya Luthuli nilizunguka. Duka la kwanza lilikuwa ndani ya mall upande wa Westlands, lina zulia na kiti cha kukalia unaposikiliza. Jozi mpya ilikuwa shilingi 68,000. Kijana wa duka alinieleza masharti yao kwa upole: waranti ya mwaka mmoja, ukizirudisha ndani ya siku 7 na boksi halijafunguliwa, unarudishiwa pesa zako zote, ukiwa umelifungua, wanakata asilimia 15. Nikapiga hesabu kwa simu. Asilimia 15 ya 68,000 ni 10,200. Yaani kubadilisha nia kungenigharimu karibu nyimbo saba. Na utajuaje spika hukuipenda bila kufungua boksi? Nilimuuliza. Alicheka, akasema hiyo ni ya HQ.

Duka la pili lilikuwa Kawangware, karibu na stage ya 46. Linauza redio, amplifaya za makanisa, na mwenyewe pia ni fundi. Spika za studio hakuwa nazo, lakini alikuwa na spika kubwa zilizonivutia kidogo, akaniambia, "Beba ukaskize kwako. Niachie tu kitambulisho." Bila karatasi. Nikamuuliza kama haogopi watu. Akasema anayeishi Gatina au Congo atapita mbele ya duka hili kila siku akienda kupanda gari, atajificha mpaka lini?

Luthuli ilikuwa ya tatu. Huko ndiko kuna vitu vya ex-UK, vilivyotumika Uingereza vikaletwa kwa kontena. Jozi ya aina niliyokuwa nikiiota ilikuwa 42,000. Nyuma ya kijana aliyeniuzia kulikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani, herufi kubwa: BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI. Niliiona. Siwezi kusema sikuiona. Nairobi nzima ina karatasi hiyo, kwenye maduka ya viatu, ya simu, ya dawa ya kunguni, mpaka jicho limezoea kuiruka kama vile linavyoruka picha ya rais.

Alinipigia wimbo mmoja wa rhumba kutoka kwa simu yake. Magitaa yaling'aa. Nje matatu zilikuwa zinapiga honi, mkokoteni umegonga mtu, watu wanabishana. Nilisimama dakika kumi hivi. Nikamwomba nipige wimbo wangu, akasema simu yangu inakataa kushika, tujaribu tena, ikakataa tena. "Boss, umeskia mwenyewe. Hii ni kitu safi, si makelele." Nilikuwa nimeweka pesa hiyo miezi tisa. Mtu aliyeweka pesa miezi tisa huwa ameshaamua kabla hajaingia dukani. Nililipa kwa M-Pesa.

Jumatano usiku, stima iliporudi, niliweka wimbo wenye besi ya chini na spika ya kushoto ikaanza kunguruma kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Kitu cha kwanza nilichokilaumu ni nyumba. Na nilikuwa na sababu. Chumba cha mraba ndicho chumba kibaya kabisa kwa besi. Wimbi la sauti linaloingia sawasawa kati ya kuta mbili zilizoachana futi 10 ni la kama hezi 56, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, wimbi hilo hilo linajirudia pande zote mbili na kuvimba. Nota ya La ya chini kabisa ambayo wapiga besi hupenda iko kwenye hezi 55. Kwa hiyo chumba cha 10 kwa 10, ambacho ndicho nusu ya mtaa wetu, kinaipenda nota hiyo kupita kiasi. Ongeza mabati, ambayo yenyewe hutetemeka. Ukinunua spika ya maana ukaileta hapa, unachosikia ni spika pamoja na nyumba, na kuvitenganisha ni kazi.

Hii ndiyo sababu, kwa spika kuliko kwa viatu au sufuria, kusikiliza dukani ni nusu ya kusikiliza. Ndio maana kuna wauzaji wa spika za bei mbaya huko nje wanaomruhusu mteja akae nazo nyumbani wiki kadhaa. Wanajua duka halikwambii ukweli wa sebule.

Nilibeba spika usiku ule mpaka kwa rafiki yangu ambaye nyumba yake ni ya mawe na ni ndefu. Ikanguruma. Nikaitoa nje uani, mbwa wakabweka, ikanguruma. Nyumba yangu haikuwa na kosa.

Alhamisi mwenye duka mwenyewe alikuwepo, mzee wa miaka hamsini na kitu, ameketi kwenye stuli ya plastiki.

"Mzee, habari. Nilinunua hizi hapa Jumanne. Moja iko na shida."

"Shida gani?"

"Nota za chini inanguruma."

Aliichomeka, akapiga rhumba ile ile. Magitaa yaling'aa. Nikamwambia mzee, weka wimbo wenye besi. Akaniangalia. "Kijana, si uliiskia hapa hapa? Ilikuwa inanguruma?"

"Hapana."

"Basi imeharibikia kwako. Siku mbili umekaa nayo. Mimi nitajuaje uliipiga vipi?"

Nikamwambia kuhusu stima. Kijana wa duka akainamia simu yake. Mzee alisema anaweza kunibadilishia na jozi nyingine nikiongeza 9,000. Sikuwa na 9,000, na hata ningekuwa nazo nadhani ningekataa. Niliondoka nikitukana ndani kwa ndani, spika mbili kwenye gunia, mpaka stage.

Nimelifikiria sana swali lake. Si uliiskia hapa hapa? Mzee yule hakujua, nadhani, kwamba alikuwa anakariri sheria. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, ambayo imetokana na ile ya Uingereza ya 1893, inasema anayeuza bidhaa za aina fulani kama biashara yake anawajibika zikiwa hazifai, isipokuwa kwamba mnunuzi akiwa amezikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo jambo zima linageuka kuwa: ukaguzi gani? Dakika kumi za rhumba, wimbo aliouchagua muuzaji, barabara ikipiga kelele, je, huo ni ukaguzi? Au ni maigizo ya ukaguzi, yaliyopangwa ili baadaye mtu aweze kusema uliiskia?

Na ile karatasi ya ukutani? Kipengele cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kufidiwa akipata hasara. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012 inakwenda mbali zaidi: sharti lolote linalojaribu kuufuta wajibu wa muuzaji kuhusu ubora ni batili. Karatasi ile, kwa kitu chenye kasoro, ni mapambo. Ina nguvu pale tu ambapo kitu ni kizima na wewe umebadilisha nia. Kuna hata mahakama ya madai madogo, ilianza kazi Milimani 2021, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaenda bila wakili, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Nilifika hatua ya kutafuta fomu. Halafu kwaya fulani ikaniita kurekodi wikendi nzima, na njaa ya leo ikashinda haki ya mwezi ujao. Sijivunii, lakini sidhani niko peke yangu. Karatasi ya ukutani haihitaji kuwa halali. Inahitaji tu wewe uwe na shughuli.

Kulikuwa na jambo lingine. Nilirudi Luthuli Jumamosi moja, hasira imepoa, kununua waya. Mzee alinitambua, akanivutia stuli. Akaniambia hivi: yeye hanunui spika, hununua mzigo. Spika 40 pamoja, hajazisikiliza, zingine zimekufa, zingine zimepasuka njiani. "Mimi nikipata mbovu nitamrudishia nani? Meli?"

Sikuwa na jibu. Ni kama akina mama wa mitumba pale Toi Market: anafungua bale mbele ya watu, moyo unadunda, hajui kama ni camera au ni fagia, na bale ikishakatwa kamba haina kwao. Kila mtu kwenye mnyororo ule ameuziwa kitu kilichofungwa. Anayefuata naye anafungiwa.

Halafu fikiria spika yenyewe. Uingereza, chini ya sheria yao ya 2015, mtu aliyenunua spika dukani ikawa na kasoro ana siku 30 za kuikataa na kurudishiwa pesa yote. Akiinunua mtandaoni, anapata siku 14 za kubadilisha nia hata kama ni nzima kabisa. Vitu vinavyokataliwa namna hiyo lazima viende mahali. Vingine vinarekebishwa, vingine vinauzwa kwa jumla kwa bei ya kutupa. Siwezi kusema spika yangu ilipita njia hiyo. Lakini haingenishangaza kama haki ya mtu fulani wa Manchester ya kurudisha ndiyo iliyonifikia mimi ikiwa imegeuka HAIRUDISHWI. Kuna mtu alikuwa mwisho wa mstari, na mstari uliishia Kibera.

Basi mzee ana haki? Hapo ndipo ninapokataa. Kwamba hana wa kumrudishia ni kweli, na ni kweli pia kwamba mimi sikuwa na wa kumrudishia. Tofauti yetu ni kwamba yeye alinunua 40 akijua kadhaa zitakufa, akaweka hasara hiyo kwenye bei ya zile nzima. Mimi nilinunua jozi moja. Hasara yake imegawanywa kwa watu wengi, yangu imekaa yote juu ya meza yangu. Anayejua kuna mbovu ndani ya mzigo, na aliyepanga bei akijua hivyo, ndiye anayeweza kubeba ubovu bila kuanguka. Kuniachia mimi ni kuchukua bima mara mbili.

Lakini nisijifanye malaika wa wanunuzi. Nimeona na upande ule. Jamaa mmoja tunayemjua sote mtaani alinunua spika mbili kubwa Ijumaa kwenye duka lenye siku 7 za kurudisha, akazipiga ruracio ya binamu yake Jumamosi kutwa, akazifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, Jumatatu akazirudisha akisema sauti haikumridhisha. Tulicheka sana. Alikuwa shujaa wetu wiki nzima. Wengine hulipa kwa M-Pesa, wakishafika stage wanatuma ujumbe 456 kuomba pesa irudishwe, na muuzaji anakimbizana na simu za huduma kwa wateja. Miezi michache baadaye duka lile la siku 7 lilibandika karatasi. Unaijua inasema nini. Kila sera mbaya ya kurudisha ina mzazi kama jamaa yule, na anayelipa ni mnunuzi wa kesho ambaye hata hajaja mjini bado.

Ile spika nilimpelekea fundi mmoja wa Makina, mzee Mnubi aliyekuwa akitengeneza redio kabla sijazaliwa. Aliifungua, akanionyesha: ule mpira unaozunguka koni ulikuwa umechanika zamani na mtu akaubandika kwa superglu. Gundi ikikauka inakuwa ngumu kama kucha, koni inakwenda upande, waya wa ndani unasugua sumaku. Ukipiga juu juu husikii kitu. Nota za chini, ambazo koni lazima isafiri mbali, ndizo zinazosema.

"Huyu aliyebandika alijua," akasema. "Mpira haujibandiki."

Nikamweleza habari ya duka. Alinisikiza huku anapuliza vumbi, halafu akaniambia kitu ambacho bado kiko kichwani mwangu. Kwenye dini yao, alisema, mnunuzi anaweza kuweka sharti la siku tatu aende akafikirie, na mkikubaliana hivyo, akirudi amerudi. Hiyo ni hiari. Hilo neno letu la hiari limetoka huko huko, kwenye Kiarabu cha sokoni na cha madrasa. Lakini kuna nyingine ambayo haihitaji makubaliano: kitu kikiwa na kasoro ya zamani iliyofichika, unakirudisha, mradi usichelewe. Na kasoro kwa Kiarabu chao inaitwa ayb.

"Kama aibu?" nikamuuliza.

"Ni hiyo hiyo."

Sijui kama watu hulifikiria hili. Neno lilipanda jahazi likimaanisha kasoro iliyo ndani ya kitu na soni iliyo ndani ya mtu, vyote viwili. Kufika kwetu sisi wa Nairobi limebaki la mtu tu. Spika ina shida, mtu ana aibu. Lakini ukiyaunganisha tena unapata wazo zito: kasoro ya kitu ulichokiuza ukijua ni yako, imekufuata, haikuhama na kitu.

Fundi aliibandua gundi, akaweka mpira aliokuwa nao uliofanana. Shilingi 1,500. Akaniambia wazi: itaimba, lakini usiipeleke chini sana.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ilinifanya niandike haya.

Mwezi wa tano nilikwama. Kodi miezi miwili, wateja wamepungua, landlord ameanza kunisalimia kwa jina langu lote. Nikaziweka spika kwenye grupu la WhatsApp la maprodyusa: jozi, ex-UK, 30,000. Jioni ile ile akanipigia kijana wa Kawangware, miaka 19, ndiyo kwanza anaanza. Alikuja kesho yake, boda mpaka Adams, halafu kwa miguu kupitia Toi. Alikuwa na pesa zote kwenye simu. Aliniambia ni za mamake, chama kimemfikia.

Nilimpigia rhumba.

Sikupanga. Au niseme hivi, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye rhumba, na nilipouona unakwenda sikuuzuia. Magitaa yaling'aa. Akaniuliza, "Bro, ziko fiti?"

Nikamwambia, "Skiza mwenyewe."

Sikusema uongo hata neno moja. Hilo nililing'ang'ania siku tatu zilizofuata, na nikagundua baadaye kwamba wenye akili kunizidi walishaling'ang'ania. Mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kuhusu wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, waliobishana juu ya hali kama yangu. Mfanyabiashara anapeleka nafaka kisiwa cha Rhodes kwenye njaa, anajua meli nyingine zimejaa nafaka ziko njiani, wenyeji hawajui. Awaambie, au auze kwa bei ya njaa? Mwalimu, Diogenes wa Babeli, alisema: taja kasoro ambazo sheria inakutaka uzitaje, usidanganye, basi uza. Kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi, Antipater, alisema lazima mnunuzi ajue chote anachojua muuzaji, maana sisi ni jamaa moja. Walipita pia kwenye mfano wa nyumba yenye nyoka ndani.

Nilikuwa Diogenes mtimilifu. Na ona jinsi sheria ilivyonipa kiti: ule wajibu wa ubora unamshika anayefanya biashara ya bidhaa hiyo. Mimi si muuza spika. Ni mtu binafsi anayeuza kitu chake mara moja. Mzee wa Luthuli ningeweza kumpeleka Milimani. Kijana wa Kawangware kunipeleka mimi angepata shida sana. Kwa sheria nilikuwa msafi kuliko mzee niliyemtukana miezi mitatu nzima. Na mzee pengine hakujua habari ya superglu, amenunua mzigo. Mimi nilijua. Nilikuwa nimelipa 1,500 kujua.

Diogenes anasema kunyamaza si kuficha. Pengine, kwa mtu aliyesimama tu. Lakini mimi sikusimama. Nilichagua wimbo.

Kijana alirudi siku ya nne, Jumapili baada ya kanisa, na mamake. Mama huyu huuza chapati na maharagwe kule Gatina. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, spika ameibeba yeye mwenyewe, ameifunga kwa leso kama mtoto. Nikawakaribisha, nikatoa nguo kitandani waketi. Kijana alianza kueleza, nota za chini, amejaribu kila kona ya nyumba. Alikuwa ananiomba msamaha karibu, kana kwamba ni yeye amekosea kuisikia. Nilijua ni kwa nini alinunua bila kuuliza sana. Amekulia kwenye duka la beba ukaskize. Alidhani mtu wa mtaa ni mtu wa mtaa.

Midomo yangu ilikuwa tayari na sentensi. Si uliiskia hapa hapa. Ilikuwa imefika kwenye meno.

Mama akamkatiza mwanawe. "Baba, mimi sijui mambo ya hizi vitu. Nauliza moja tu. Ulijua?"

Hakukuwa na hasira kwenye sauti. Angeuliza vivyo hivyo kama maharagwe yameiva.

"Nilijua, mama."

Akatikisa kichwa. Kijana akaangalia chini. Nadhani hilo lilimuuma zaidi ya spika yenyewe, na mimi vilevile. Nikamwambia mama ukweli mwingine, kwamba pesa nimelipa kodi, nimebaki na 11,000. Akauliza ile nyingine ni nzima? Nikasema ni nzima kabisa, na nikaweka wimbo wenye besi kuonyesha. Tulikaa pale karibu saa nzima tukipiga hesabu nyuma ya bahasha ya sadaka. Nusu ya 30,000 ni 15,000. Spika nzima akae nayo kijana. Wengi tu hupima miksi kwa spika moja, si aibu. Mbovu inarudi kwangu. 11,000 leo, 4,000 mwisho wa mwezi. Mama aliuliza kama naandika mahali. Nikaandika. Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia.

Wakati wa kutoka kijana alinisalimia kwa ngumi, lakini hakusema bro.

Mwisho wa mwezi nilituma 2,000, na wiki iliyofuata 2,000. Spika mbovu ilikaa juu ya kabati na leso yao, ambayo walisahau na ambayo nimeshaifua. Juzi nimeiweka kwenye grupu tena. Safari hii niliandika: moja tu, kushoto, mpira umebadilishwa, ilikuwa na superglu, ikishuka chini inanguruma, njoo na wimbo wako. Kwa siku mbili hakuna aliyejibu. Halafu fundi mmoja wa Dagoretti akaandika kwamba anaitaka kwa ajili ya sumaku na twita, atatoa 2,500.

Amesema anakuja Ijumaa, kama stima itakuwepo.